Kabla Hujanunua Ubao Mama: Ushauri kwa Anayeunda Kompyuta Yake ya Kwanza

Mtu anayeunda kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza huanza kuwaza prosesa, kisha kadi ya picha, halafu RAM. Ubao mama, yaani bodi kubwa inayobeba na kuunganisha sehemu zote, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, humjia akilini mwishoni, wakati fedha imekwisha pungua na hamu ya kuiona mashine ikiwaka imepanda. Nami nilianza hivyo hivyo. Baada ya kuunda kompyuta kadhaa, zangu na za ndugu na marafiki, liko jambo moja ambalo natamani ningeambiwa mapema: ubao mama huchaguliwa kwa kusoma kitabu chake cha maelekezo, wala si kwa kutazama boksi lake. Kitabu hicho hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, na unaweza kukisoma chote kabla ya kutoa hata senti moja.

Nilijifunza hilo kwa tabu. Nilikuwa na kompyuta yenye SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) moja ya M.2, yaani kipande chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, na diski nne za SATA, njia ya kuunganisha diski ambayo kwa kawaida hutumia kebo, ambazo ndani yake nilihifadhi picha na kazi za miaka mingi. Nafasi ilipojaa nilinunua SSD nyingine, nikaifunga kwenye sloti ya pili ya M.2, nikawasha. Diski mbili kati ya zile nne hazikuonekana. Nilibadilisha kebo za data, nikabadilisha waya za umeme, nikazihamishia diski zile kwenye kompyuta nyingine, na huko zikasomeka bila shida yoyote. Usiku wa siku ya pili ndipo nilipofungua kitabu cha maelekezo, na chini ya mchoro wa ubao, kwa herufi ndogo, nikakuta sentensi moja tu: sloti ya pili ya M.2 ikitumika, matundu ya SATA ya 5 na ya 6 huzimwa. Hapakuwa na kitu kilichoharibika. Ubao ulikuwa ukifanya kile hasa ulichotengenezwa kufanya.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayotawala karibu kila jambo katika uchaguzi huu. Prosesa na chipseti, yaani chipu ya ubao inayosimamia matundu na sloti zake nyingi, zina idadi maalumu ya njia za kupitishia data, na mtengenezaji wa ubao ndiye anayeamua njia hizo zigawiwe nani. Akitaka kuweka sloti nyingi kuliko njia alizo nazo, hulazimika kuzifanya baadhi zichangie njia moja, na moja ikitumika nyingine hulala. Ndiyo maana sloti mbili ndefu za PCIe, zile za kuchomekea kadi kama ya picha, zinaweza kufanana kwa macho kabisa, kumbe ya juu inapewa njia 16 kutoka kwenye prosesa, na ya chini inapewa njia 4, au hata moja, kutoka kwenye chipseti. Vivyo hivyo, si kila sloti ya M.2 inapokea SSD za aina zote mbili. Zipo zinazopokea NVMe peke yake, yaani SSD zinazotumia njia za PCIe, na SSD ya M.2 inayotumia SATA ukiichomeka humo haitaonekana kamwe. Kwa hiyo, kabla ya kununua, chukua karatasi uandike kila kitu utakachochomeka sasa na katika miaka michache ijayo, kisha kwa kila kimoja uandike sloti au tundu kitakalokaa, ukiwa na jedwali la kitabu mbele yako. Kikikosa mahali, ubao huo haukufai, hata ukisifiwa vipi.

Karatasi hiyo huanza na prosesa, kwani soketi, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye ubao, ndiyo inayoamua mengine yote. Soketi ya AM5 ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2022, ina pini 1718 na hupokea RAM ya DDR5 pekee. AM4 iliyoitangulia hutumia DDR4. Kwa upande wa Intel, kampuni nyingine ya prosesa, soketi ya LGA 1700 ya mwaka 2021 ilihudumia prosesa za kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, na mbao zake zipo za DDR4 na zipo za DDR5, lakini ubao mmoja kwa kawaida huchukua aina moja tu. LGA 1851 iliyoifuata mwaka 2024 ni ya DDR5. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja, basi RAM ikikataa kuingia usiilazimishe: kuna uwezekano mkubwa kwamba umenunua aina nyingine.

Hata hivyo, prosesa kuingia kwenye soketi si hakikisho kwamba kompyuta itawaka. Ubao wa AM5 wenye chipseti ya B650 uliotoka kiwandani kabla ya prosesa za AMD za Ryzen za mfululizo wa 9000 unaweza kuwa na BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) isiyozitambua, na ubao wa LGA 1700 wenye chipseti ya B660 nao unaweza kuhitaji BIOS mpya ili uitambue prosesa ya kizazi cha 13. Anayeunda kompyuta ya kwanza mara nyingi hana prosesa ya zamani ya kuazima ili aisasishe BIOS hiyo. Kwa sababu hiyo namshauri mgeni atafute ubao wenye kitufe cha kusasishia BIOS kwa kutumia flashi, bila prosesa wala RAM kuwapo. Ni kitufe kidogo upande wa nyuma, na mimi nakithamini kuliko mapambo yote ya taa.

Kuhusu chipseti sitasema mengi. Kama hukusudii kuiongezea prosesa ya Intel kasi kupita ile ya kiwandani, huhitaji chipseti ambayo jina lake huanza na herufi Z. Ya herufi B inawatosha watu wengi. Kwa AMD, chipseti za B huruhusu kazi hiyo, na A620 hairuhusu.

Jambo linalostahili macho zaidi ni mfumo wa umeme wa prosesa. Pembeni mwa soketi kuna safu ya vipande vidogo vya mraba ambavyo, kwenye ubao mzuri, hufunikwa kwa kipoza joto cha alumini chenye mapezi. Vipande hivyo hupokea umeme wa volti 12 kutoka kwenye pawa saplai na kuushusha hadi volti moja na kitu ambayo prosesa inaihitaji, na katika kuushusha hutoa joto jingi. Prosesa ya wati 65 haivisumbui. Lakini prosesa ya Intel ya Core i9-13900K inaruhusiwa kufikia wati 253, na ukiifunga kwenye ubao wa bei ya chini ambao vipande vyake viko wazi bila kipoza joto, itapunguzwa kasi kila kazi inapokuwa nzito, nawe utakuwa umelipia nguvu usiyoipata. Ni afadhali prosesa ya wastani kwenye ubao unaoimudu.

Kwenye RAM, nunua vipande viwili badala ya vinne. Kwa Ryzen za mfululizo wa 7000, AMD hutaja kasi ya MT/s 5200 (uhamishaji wa data milioni 5200 kwa sekunde) kwa vipande viwili vya DDR5, na 3600 tu vikiwa vinne. Ukihitaji GB 32, chukua viwili vya 16 na uvichomeke kwenye sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu kikielekeza vingine.

Ukubwa wa ubao ni suala jepesi: ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Kasha la ATX kwa kawaida hupokea pia microATX. Kasha lenye tundu la USB-C upande wa mbele linahitaji ubao wenye kiunganishi chake cha ndani; kisipokuwepo, tundu hilo litabaki pambo. Hesabu pia matundu ya USB ya nyuma, na uhakikishe kama ubao una wi-fi iwapo hutapitisha kebo. Tundu la HDMI la nyuma nalo hufanya kazi pale tu prosesa inapokuwa na uwezo wa picha ndani yake. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na F hazina uwezo huo, na skrini itabaki nyeusi mpaka uweke kadi ya picha.

Ukishaununua ubao, utakapofika uukague kabla ya kuufunga kwenye kasha. Kwenye AM5, LGA 1700 na LGA 1851, pini ziko kwenye ubao wenyewe, ni nyembamba kuliko nywele za brashi ya rangi, na hupinda kwa kuguswa kidogo tu. Inua kifuniko cha plastiki cha soketi, washa tochi ya simu, uimulike ukiwa umeilaza simu kwa pembeni, na utaona pini zote zikimetameta kwa mistari iliyonyooka. Penye pini iliyopinda, mstari hukatika na huonekana doa la kivuli. Ukiliona, piga picha papo hapo, usiweke prosesa, na urudishe ubao kwa muuzaji siku hiyo hiyo. Kifuniko cha plastiki kihifadhi pamoja na boksi, kwa sababu watengenezaji wengi hukihitaji ubao unaporudishwa kwa dhamana.