Ukitaka mwale wa leza ufike mbali ukiwa mwembamba, uanze mnene

Wanaoanza kufanya kazi na leza huniuliza mara nyingi wapate wapi mwale usiopanuka hata kidogo. Jibu langu halibadiliki: haupo, na hakuna lenzi itakayouleta.

Mwanga ni wimbi, na wimbi likipitishwa kwenye nafasi finyu hutanuka likitoka upande wa pili. Hiyo ndiyo difraksheni, aliyoieleza mwanasayansi wa Italia Francesco Maria Grimaldi katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1665, karibu miaka 300 kabla ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza mwaka 1960. Kadiri unavyoubana mwale, ndivyo unavyotanuka upesi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu akili inatuambia kwamba kitu chembamba mwanzoni kitabaki chembamba.

Chukua leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na mwale wa kipenyo cha milimita 1. Hata ikiwa kamilifu, mwale huo hukaa karibu na unene wake kwa mita 1 na ushei tu. Ukifika mita 100, doa lake lina kipenyo cha milimita 83 hivi. Sasa upanue mwale kwa lenzi mbili hadi milimita 9 kabla haujaondoka: kwenye mita 100 zilezile utakuta doa la milimita 13. Kila nikiona tofauti hiyo ukutani nafurahi upya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kununua kipanua mwale, yaani kifaa chenye lenzi kama hizo mbili, kabla ya kufikiria leza yenye nguvu zaidi. Nguvu huongeza mng'ao na hatari, lakini haipunguzi mtanuko. Na usidhani kwamba doa likishapanuka limekuwa salama kwa macho. Hata mbali sana leza inaweza kumpofusha rubani kwa muda, basi usiielekeze angani kunakopita ndege.

Kuhusu rangi, kijani cha nanomita 532 hutanuka kidogo kuliko nyekundu, ila faida yake ni ndogo ukilinganisha na ya kupanua mwale.

Wanaopima umbali wa Mwezi kwa vioo vilivyoachwa huko tangu safari ya Apollo 11 mwaka 1969 hurusha leza kupitia darubini kubwa kwa sababu hiyohiyo: mwale uanze mnene. Hata hivyo doa linalofika Mwezini huwa na upana wa kilomita kadhaa. Kwa darubini za ukubwa huo, kinachotibua mwale zaidi ni angahewa yetu kuliko difraksheni.

Leza yako ipime mwenyewe, usitegemee maandishi ya kwenye boksi. Pima kipenyo cha doa mahali pawili palipo mbali na leza, toa kipenyo kidogo kwenye kile kikubwa, kisha gawanya kwa umbali kati ya mahali hapo. Milimita kwa kila mita ndizo miliradiani, kipimo cha pembe ya mtanuko. Gizani doa huonekana kubwa kuliko mchana, kwa hiyo vipimo vyote viwili vifanye kwenye mwanga uleule. Leza nyingi ndogo za diodi (kipande kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga) hutoa doa refu upande mmoja, maana mwanga hutoka kwenye mwanya mwembamba sana na hutanuka zaidi upande ule uliobanwa. Hizo zipime pande zote mbili.