Nikienda kuandika, mahamri namwachia nani?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Kisauni, asubuhi nauza mahamri na mbaazi, usiku watoto wakilala ndio naandika riwaya yangu kwenye daftari, sasa niko daftari la tatu na la kwanza limejaa madoa ya mafuta. Juzi shoga yangu kanitumia tangazo la feloshipu ya waandishi wanawake, imewekwa kwa kumbukumbu ya mwandishi marehemu, ati wanakupa chumba na chakula wiki kadhaa uandike tu. Mume wangu asema ni matapeli hao, nani atakulisha bure? Na lazima niandike habari za huyo marehemu? Kiswahili wanakubali? – Mama Mahamri

JIBU: Marahaba mwanangu. Mambo haya yapo, mwambie baba watoto. Huko Marekani kwenye kisiwa cha Whidbey, karibu na Seattle, kuna Hedgebrook, tangu 1988 wanapokea wanawake waandishi, kila mmoja na kibanda chake chenye jiko la kuni la kuota moto, jioni wanakutana kula pamoja, na hulipi kulala wala chakula. Nauli lakini ni yako, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, maana tiketi na viza si pesa ya mahamri. Kwa hivyo tangazo lolote soma kwanza nani analipa nauli.

La marehemu lisikutishe. Kwa kawaida jina ni la kumuenzi tu, pengine familia au marafiki ndio waliotoa pesa, wewe unapeleka kazi yako mwenyewe. Ila msome kidogo ujue alikuwa nani, ni adabu tu, kama kuingia nyumba ya watu.

Utapeli pia upo, mumeo hajakosea sana. Zingine zina ada ndogo ya kuaplai na ni halali, lakini mtu akikwambia umeshinda na fomu hujajaza, halafu atume namba ya M-Pesa, futa hiyo meseji.

Kiswahili sasa. Nyingi za ng'ambo zinataka sampuli kwa Kiingereza, zingine zinakubali tafsiri, waandikie uwaulize, hawang'ati. Chagua kurasa kumi zilizokolea hata kama ziko katikati ya riwaya, usiwapelekee mwanzo kwa sababu tu ni mwanzo. Na ukiona Marekani ni mbali, pale Kampala kuna FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda tangu 1996, nao wamewahi kuwaweka pamoja wanawake waandishi wa Afrika. Uganda unaingia kwa kitambulisho tu, unapanda basi.

Kazi kubwa iko nyumbani. Sehemu nyingi hawapokei watoto, kwa hivyo kaa na mumeo na mamako mapema, mpange nani atakanda unga saa tisa usiku, kabla hujajaza fomu, si baada ya kuitwa. Mimi nilipopata nafasi kama hiyo siku tatu za mwanzo nililala tu, sikuandika hata mstari, nikaona haya, kumbe wenzangu wote walikuwa hivyo hivyo.

Na hilo daftari la kwanza lipige picha leo leo, ukurasa kwa ukurasa, kabla mafuta hayajalimaliza.