Maneno ya meme ya picha nne, habari inapozidi kuwa mbaya

Mdogo wangu, unauliza kwa nini meme yako (picha za kuchekesha zenye maneno mafupi) ya umeme kukatika hapa Lubumbashi haichekeshi, na picha zote nne ni safi. Picha hazina shida. Kasoro iko kwenye maandishi: ya kwanza umeandika "Tumekwisha, giza tena!", sasa utapanda wapi tena?

Anza chini. Ya 1: "Umeme umekatika." Ya 2: "Si kitu, mbabula ipo" (jiko la makala, yaani makaa). Ya 3: "Makala yamelowa mvua." Ya 4: "Hodi, ni mama mkwe." Hiyo ya 2 ndiyo yenye kazi kubwa, maana inampa msomaji nafuu, halafu unamnyang'anya. Ile meme maarufu ya Panik, Kalm, Panik (hofu, utulivu, hofu), yenye kichwa cha kijivu, inasimama juu ya mbinu hiyohiyo. Na ya mwisho ilete jambo jipya, si giza lilelile.

Herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, maneno machache. Wengi wanasomea kwenye simu ndogo. Hofu usiiandike, uso unaionyesha.

Ila nakusihi, msiba wa mtu au vita usivitie humo. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, walioonja vita, nao wanaisoma.