Maswali Yenu: Nyumba za Lexington, Kentucky, na Karatasi Mnazosaini Bila Kusoma

*Mwenye nyumba ananiambia nimpe dola 8,000 za kianzio, kisha nimlipe kila mwezi kwa miaka 15 mpaka nyumba iwe yangu. Hataki mambo ya benki. Nisaini? (Baba wa watoto watano)*

Usisaini, baba. Barua yako ni ya nne ya aina hii tangu mwaka uanze, ndiyo maana nimeitanguliza.

Katika mpango huo hati inabaki kwa jina lake mpaka dola ya mwisho ilipwe. Paa likivuja unaezeka wewe, kodi ya nyumba unalipa wewe, lakini kwenye vitabu vya kaunti mwenye nyumba ni yeye. Na ikiwa naye anadaiwa na benki, akaacha kulipa, benki inachukua nyumba nawe ukiwa ndani na risiti zako mkononi.

Mwaka jana mzee mmoja alinijia na mkataba wa namna hii. Tulikaa mezani jikoni kwake, mjukuu wake wa miaka 12 amesimama nyuma ya kiti, maana ndiye aliyemsomea siku ya kusaini. Ukurasa wa tano ulisema akichelewa siku 30, yote aliyokwisha kulipa yanabaki kwa muuzaji. Mtoto alikuwa amemwambia, “Babu, ukichelewa utatozwa faini.” Mtoto hana kosa. Sisi watu wazima ndio tunaowabebesha watoto mizigo ya wanasheria kwa sababu wamejua Kiingereza kabla yetu. Acheni, nawasihi. Tafuteni mkalimani mtu mzima, na mumlipe.

Kwa waliokwisha kusaini: Mahakama Kuu ya Kentucky iliamua mwaka 1979, katika kesi ya Sebastian na Floyd, kwamba mkataba wa namna hii uhesabiwe kama mkopo wenye rehani ya nyumba. Muuzaji hawezi kukufukuza na kubaki na fedha zako zote kwa kauli yake tu. Lazima aende mahakamani. Akikutishia kubadilisha kitasa, usihame. Nenda kwa mawakili wa msaada wa kisheria, Legal Aid of the Bluegrass, ukiwa na mkataba na risiti. Na wewe ambaye hujasaini, pita kwanza ofisi ya karani wa kaunti yetu ya Fayette, uangalie hati iko kwa jina la nani na nyumba ina madeni gani.

*Alama zangu za mkopo (credit score) ni 640, nafanya kazi ya kiwandani Georgetown. Naweza kupata mkopo wa nyumba?*

Unaweza. Mkopo wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, unahitaji alama 580 kwa kianzio cha asilimia 3.5. Kwa nyumba ya dola 250,000, hiyo ni dola 8,750. Wengi huishia hapo kuhesabu, halafu siku ya kusaini wanakuta gharama nyingine za asilimia 2 hadi 5 ya bei. Shirika la nyumba la jimbo, Kentucky Housing Corporation, lina mkopo wa kusaidia kianzio. Waulize mabenki wanaofanya nalo kazi kabla hujaanza kuzunguka na dalali.

Kuna mambo mawili ambayo hukuuliza. Tangu Mei 2025, FHA haimkubali asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi ya kijani, ndiyo ukaazi huo, baada ya mwaka mmoja nchini, na bado nakutana na watu waliokaa miaka minne ambao hawajaomba. Pili, ukiweka kianzio chini ya asilimia 10, bima ya mkopo wa FHA hailegei mpaka umalize deni au uchukue mkopo mwingine. Kwenye mkopo wa kawaida wa benki unaweza kuomba ikome deni likishuka hadi asilimia 80 ya bei ya nyumba. Linganisha kabla ya kuchagua.

Na gari jipya la mkopo lisubiri. Lisubiri mpaka uwe na funguo za nyumba.

*Tumefika miezi minne iliyopita. Tununue?*

Hapana. Pangeni, mpitishe baridi moja, mjue kazi iko wapi na basi la Lextran linafika wapi.

*Kwa nini nyumba ni ghali hapa wakati kila ukitoka mjini ni majani na farasi tu?*

Swali zuri, na wachache huliuliza. Mwaka 1958 Lexington iliweka mpaka wa huduma za mji, wa kwanza wa aina yake Marekani. Ndani ya mpaka kuna mabomba ya majitaka na mitaa ya nyumba. Nje ni mashamba, na tangu mwaka 1999 kiwanja kipya huko hakiwi chini ya ekari 40. Mpaka uliwahi kupanuliwa mwaka 1996, na mwaka 2023 baraza la mji likapiga kura ya kuupanua tena. Ardhi ya kujengea mjini ni chache, bei inapanda, ndiyo maana wenzetu wengi wananunua miji ya jirani: Nicholasville, Georgetown au Winchester.

Mimi naipenda ile nyasi kama mtu mwingine yeyote. Lakini anayesafisha vyumba vya hoteli hapa naye anahitaji mahali pa kulala, na nadhani mji umechelewa mno kulikubali hilo. Baraza linapoita wananchi kutoa maoni, nendeni. Ukumbini huwa naona wenye mashamba na wajenzi, sisi hatuonekani.

*Dalali anasema tukiacha ukaguzi tutawashinda wanunuzi wengine. Kweli?*

Kweli mnaweza kuwashinda, mkashinda nyumba mbovu. Nilipotaka kununua ya kwanza, mkaguzi aliingia chini ya sakafu kwa kutambaa, na tochi mdomoni. Alipotoka alinionyesha picha: ukutani kulikuwa na mstari wa kahawia, shubiri moja kutoka ardhini. Maji yalikuwa yakisimama hapo kila masika, na juu yake kulikuwa na zulia jipya linalonukia dukani. Nikaiacha.

Mji huu umekaa juu ya mawe ya chokaa yenye mapango, kwa hiyo pimeni pia radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka ardhini na kuleta saratani ya mapafu. Kipimo kikifika pikokyuri 4 kwa lita, muuzaji aweke feni ya kuitoa au apunguze bei. Mapafu ya watoto wenu hayana bei ya kupunguza, basi msikubali maneno matupu.

*Kodi ya nyumba inalipwa wapi?*

Kwa sherifu wa kaunti. Nimeshajibu hili mara tatu. Jibu limeandikwa juu ya bili yenyewe. Ukiwahi muda wa kwanza unapunguziwa asilimia 2. Wazee wenye miaka 65 na kuendelea wapeleke maombi ofisi ya PVA, mthamini wa mali wa kaunti: kwa 2025 na 2026, dola 49,100 za thamani ya nyumba wanayoishi hazitozwi kodi.

*Dalali amenisainisha karatasi kabla hajanionyesha nyumba hata moja. Ni tapeli?*

Si lazima. Ndivyo ilivyo tangu Agosti 17, 2024. Ila angalia inakufunga miezi mingapi na kwa asilimia ngapi, na vyote viwili vinajadiliwa.

*Kesho kutwa tunasaini. Nimepata barua pepe kwamba akaunti ya kutuma kianzio imebadilika. Nitume leo?*

Dada huyu nilimpigia simu saa ileile, maana swali lake halikuweza kusubiri. Nilimwambia asijibu barua ile wala asipige namba iliyomo. Atafute karatasi ya kwanza aliyokabidhiwa mkononi na kampuni ya hati, ile inayosimamia kusaini, apige namba iliyo pale.

Akapiga. Akaunti haikuwa imebadilika.