Jani linaloumwa ni la juu au la chini?

*Swali:* Jambo Mama Mwalimu. Niko Goma, mtaa wa Himbi. Nina akwariamu ya kioo, urefu sentimita 100, upana 40, kimo 40. Maji nachota Ziwa Kivu, pale Kituku, na samaki wangu tisa ni wadogo wa humo humo ziwani. Nilipanda valisneria, ule mmea wa majini, kwenye mchanga. Majani mapya yakaanza kutoka meupe, karibu kama karatasi. Nikakumbuka mahindi ya baba kule Masisi: yakigeuka manjano tunayapa urea, mbolea ya nitrojeni. Jumapili nikatia kijiko kimoja cha mezani. Jumatatu samaki wote wazima. Jumatano asubuhi nikakuta sita wanaelea, na majani bado meupe. Nimekosea wapi, na niipe mimea mbolea gani?

*Jibu:* Pole sana, mwanangu. Kabla ya yote, wale watatu waliobaki: kama hujabadilisha maji, toa nusu leo, rudishia ya ziwani, na kesho toa nusu tena. Usiwape chakula kwa siku mbili. Fanya hivyo kwanza, halafu urudi kusoma.

Urea yenyewe si kali sana kwa samaki, ndiyo maana Jumatatu walikuwa bado wanaogelea. Bakteria walio mchangani ndio wanaoivunja kidogo kidogo hadi iwe amonia. Ndani ya maji amonia ina sura mbili: moja samaki anaivumilia, nyingine inamuunguza matamvua. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, kipimo cha asidi na magadi ya maji. Kwenye maji ya pH 7, ile kali haifiki hata sehemu 1 katika 100. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9, na hapo karibu theluthi nzima ya amonia ni ile kali.

Tupige hesabu. Kijiko chako ni gramu 12 hivi, na katika kila gramu 100 za urea kuna 46 za nitrojeni. Tangi lako, ukiondoa mchanga na nafasi ya juu, lina lita kama 130. Urea ile ikivunjika yote, kila lita inabeba zaidi ya miligramu 40 za nitrojeni ya amonia, na theluthi yake, ile kali, ni miligramu 13 hivi. Samaki wengi hufa kabla ile kali haijafika hata miligramu 3 kwa lita. Shambani kijiko hicho ni chakula cha mashina mawili matatu ya mahindi.

Sasa tuje kwenye jani, maana hapo ndipo ulipopotea njia. Mahindi ya baba yako yakikosa nitrojeni, manjano huanzia majani ya chini, yale ya zamani. Mmea unanyang'anya wazee ili ulishe watoto. Wewe umeniandikia kwamba yanayotoka meupe ni mapya. Hiyo ni njaa nyingine kabisa. Chuma kikishakaa kwenye jani hakihami, kwa hiyo kikikosekana, anayeumia ni jani changa. Chukua jani moja, liinue mbele ya dirisha: ukiona mishipa imebaki na ukijani huku nyama katikati imefifia, ni chuma. Nitrojeni usihangaike nayo. Samaki wanaokula kila siku wanaileta kwa mavi yao.

Kwa nini chuma kikosekane? Kwenye maji ya pH 9 chuma hakikai kimeyeyuka, hugeuka kutu na kutulia chini. Nimeliona kwa macho yangu. Mwaka wangu wa kwanza na akwariamu, hapa Bukavu, nilifunga misumari sita kwa uzi nikaitumbukiza. Baada ya wiki mbili kila msumari ulikuwa na doa la rangi ya chungwa mchangani chini yake, na majani yalikuwa vile vile.

Kilichonisaidia ni udongo mwekundu wa milima yetu. Wekundu ule ni chuma. Kwenu Goma ardhi ni jiwe jeusi la volkano, basi mwombe anayepanda boti kutoka Bukavu akuletee kilo moja, ichimbwe chini kidogo, mahali pasipotiwa samadi wala mbolea. Chekecha, kanda na maji kama unga wa chapati, finyanga vidonge vya ukubwa wa goroli, vianike kivulini hadi vikauke kabisa. Kisha sukuma kimoja kimoja kwa kidole hadi chini ya mchanga, karibu na mizizi, kidonge kimoja kwa kila mashina mawili. Kule chini hewa haifiki, na kutu ya udongo hurudi kuwa chuma kinachoyeyuka, mzizi ukiwa hapo hapo. Usivute mmea baadaye ovyo, maji yatachafuka.

Ukipenda mbolea ya chuma ya dukani, soma pakiti uone chuma kimefungwa kwa kitu gani ili kisigeuke kutu. Iliyofungwa kwa EDTA hukata tamaa pH ikipita 6.5, ya DTPA hufika 7.5 hivi. Kwa maji ya Kivu tafuta EDDHA. Ile yenye chuma asilimia 6, yeyusha gramu 2 katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa, weka gizani, na kila wiki tia mililita 10 kwa bomba la sindano. Maji yatapata wekundu kidogo, usiogope.

Usinunue zaidi ya hapo. Magnesi na potasiamu ziwa letu linazo tele. Na valisneria inajua kuchukua kaboni kwenye bikaboneti ya maji, kwa hiyo mitungi ya gesi ya kaboni dioksidi si ya kwako. Majani yaliyokwisha kuwa meupe huenda yasipone. Wewe tazama lile litakalochomoza katikati.

*Swali:* Mama, mimi niko Lubumbashi, tangi la lita 60, maji ya kisima. Anubia yangu, mmea wa majini, nimeifunga juu ya kipande cha mti ndani ya tangi. Majani ya zamani yanatoboka matundu madogo yenye ukingo wa manjano. Nayo niipe chuma?

*Jibu:* Hapana, Baba. Majani ya zamani, matundu: hiyo ni njaa ya potasiamu. Na vidonge vya udongo havitakusaidia, kwa sababu anubia iliyofungwa kwenye mti hula kutoka majini. Tafuta salfeti ya potasiamu, mbolea ya bustani ya mboga, iliyo peke yake, isiyochanganywa na nitrojeni. Gramu 30 katika nusu lita ya maji. Kila wiki badilisha theluthi ya maji, halafu tia mililita 10. Lile shina lake nene linalotambaa lisifukiwe mchangani, litaoza.

*Swali:* Nguba, Bukavu. Tangu nianze kutia mbolea, kioo kinaota ukijani kila siku. Taa inawaka masaa 12.

*Jibu:* Punguza taa iwe masaa 7. Mbolea uache kwa wiki mbili, na kioo ukifute kabla ya kubadilisha maji, si baada.