Umetoka kwenye densi ya kisasa hujaelewa kitu? Karibu chamani

Mkuu unayesema umekaa saa nzima na nusu ukatoka hola, ukajiona mshamba, hata mi yalinikuta. Mara ya kwanza nlikaa siti ya mbele kabisa natafuta stori, huyu nani, kamkosea nini mwenzie, mbona anajiangusha kila dakika, mpaka taa zinawashwa kichwa kinaniuma.

Kumbe kazi nyingi hazina stori na hakuna aliyeificha. Mtunzi wa densi Merce Cunningham wa Marekani na mwanamuziki John Cage walikuwa kila mtu anatunga kivyake, wachezaji wanafanya mazoezi bila muziki, mara nyingi wanausikia siku ya onyesho la kwanza. Sa wewe kaa pale usubiri mguu ufuate mdundo, utakesha.

Mi kilichonisaidia ni kuchagua mchezaji mmoja nikamkodolea macho dakika kama tano hivi, wengine nawaacha. Nikaanza kusikia pumzi, kisigino kikigonga sakafu, nikaona goti linatetemeka, yaani kachoka kweli. Ndo nikaelewa kwa nini mtunzi wa densi Pina Bausch wa Ujerumani mwaka 1975 alimwaga udongo steji nzima kwenye densi yake ya Le Sacre du printemps: udongo unang'ang'ania mguu, unaganda kwenye jasho, wakifika mwisho kuhema kwao sio kuigiza. Kazi hiyohiyo baadae ilichezwa na wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika kwa ushirikiano na École des Sables, shule ya densi ya Germaine Acogny kule Senegal, kuna video yao wanaicheza ufukweni, itafute, ila video ina shida yake, kamera ndo inakuchagulia pa kuangalia na ukumbini unachagua mwenyewe.

Siti ya mbele achana nayo kwenye densi, utaona sura tu, wakijipanga na kutawanyika huoni, kaa katikati palipoinuka kidogo. Kile kijitabu cha maelezo ya onyesho wanachogawa mlangoni soma ukishatoka. Maigizo nayo hivohivo tu, ila mi huwa namwangalia asiyeongea, mwenzie anamwaga maneno yeye anafanyaje na mikono, hapo utamjua mwigizaji na aliyekariri.

Na usidanganywe kila usichokielewa ni kikubwa, nyingine ni mbovu tu. Ukisikia ukumbi umeanza kukohoa kohoa jua sio wewe peke yako, subiri mapumziko uondoke zako, mi nshafanya hivo mara mbili.