Sura Mpya Naistahimili, Kalamu Inayosahau Siiwezi

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza nini huumiza zaidi zile tamthilia za mchana za Marekani zinazoendelea kwa miaka 30, 40 hata 60: waigizaji kuondoka, au watu wa nyuma ya kamera kubadilishwa? Wengi tuliokua tukitazama The Bold and the Beautiful na mama zetu na shangazi zetu tutajibu haraka kwamba ni waigizaji. Ridge, mhusika wake mkuu wa kiume, akibadilika sura, mtu anazima televisheni. Ninaielewa hasira hiyo, lakini sikubaliani nayo. Mtazamaji huizoea sura mpya baada ya muda. Asichoweza kukizoea ni hadithi iliyosahau ilikotoka, na kusahau huko hakuanzi kwa mwigizaji. Kunaanzia kwenye meza ya waandishi.

Mwaka 2012 The Bold and the Beautiful ilipigwa mapigo mawili mfululizo. Tamthilia hiyo ilianza Machi 1987 ikiwa na nguzo nne: Eric Forrester, mkewe Stephanie, mwana wao Ridge, na Brooke Logan, binti wa familia ya kawaida aliyempenda Ridge na ambaye Stephanie hakumtaka hata kumwona. (Najua hadithi baadaye ilisema baba mzazi wa Ridge ni Massimo Marone, lakini kwangu mimi baba ni Eric, aliyemlea.) Ronn Moss, aliyekuwa Ridge kwa miaka 25, aliondoka baada ya kutoelewana kuhusu mkataba. Haikupita miezi mingi Susan Flannery, Stephanie wetu tangu siku ya kwanza, naye akastaafu. Nguzo mbili kati ya nne zikawa zimeondoka ndani ya mwaka mmoja.

Tazama sasa walivyofanya. Stephanie hakupelekwa safari asirudi. Alipewa muda wa kuaga, saratani ya mapafu ikamrudia, na mwezi Novemba akafia mikononi mwa Brooke. Si mikononi mwa Eric wala mmoja wa wanawe, bali mikononi mwa mwanamke ambaye Stephanie alimtukana, alimpiga makofi na kumwita kila jina baya kwa miaka 25. Asiyewahi kutazama anaweza kuona ni kifo cha kawaida cha televisheni. Sisi tuliofuatilia tuliona ugomvi mzima wa familia ile unafikia mwisho wake kwa haki, kwa sababu wanawake wale wawili walikuwa wamekwisha kuwa mtu na mwenzake bila wenyewe kukiri. Tukio la namna ile haliandikwi na mtu aliyeajiriwa juzi.

Pengo la Ridge, kweli, lilionekana. Hadithi ilisema yuko Paris, na hata mama yake alipofariki mwana huyo aliyempenda kuliko wote hakuonekana, kwa kuwa hapakuwa na mwigizaji wa nafasi hiyo. Hilo linaniuma hadi leo. Desemba 2013 akaingia Thorsten Kaye, mwenye ndevu, sauti nzito na mwendo tofauti kabisa na wa Moss. Watu walilalamika sana. Leo kuna watazamaji ambao hawajawahi kumjua Ridge mwingine.

Kwa nini nyumba haikuanguka? Kwa sababu kalamu haikubadilisha mkono. Tamthilia hiyo ilianzishwa na William J. Bell na mkewe Lee Phillip Bell, na mwana wao Bradley amekuwa mwandishi mkuu tangu 1993. Aliyeandika Ridge mpya akirudi ndiye aliyekuwa ameandika Ridge wa zamani akioa, akiacha na akioa tena. Akili ilikuwa ileile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Taylor Hayes, aliyewahi kuwa mke wa Ridge katika tamthilia hiyohiyo, kwa sababu unaonyesha jambo hili bila ubishi. Hunter Tylo alimwigiza Taylor kuanzia 1990, akaondoka na kurudi mara kadhaa. Mwaka 2018, akiwa bado na sura hiyo, Taylor alimpiga risasi Bill Spencer kwa alichomfanyia Steffy, binti ya Taylor. Mwishoni mwa 2021 nafasi ilichukuliwa na Krista Allen, mwigizaji mwingine kabisa, na ingekuwa rahisi sana kuuacha uhalifu ule uondoke na sura ya zamani. Waandishi hawakuuacha. Sheila Carter, mhusika mwovu wa tamthilia hiyo, aliijua siri hiyo, akaishika kama kisu shingoni mwa familia nzima, na Taylor mwenye sura mpya akalazimika kujibu kosa lililofanywa na mkono wa Taylor mwenye sura ya zamani. Pale ndipo Krista Allen alipokuwa Taylor machoni pangu. Alirithi deni la mhusika, na hilo likampa uzito ambao nywele, nguo na vipodozi visingempa.

Inafaa kueleza kazi hii inavyokwenda. Tamthilia ya mchana hutoa sehemu 5 kwa wiki, karibu 250 kwa mwaka. Haina misimu kama za usiku, wala mapumziko ya miezi. Mwandishi mkuu hupanga hadithi ya miezi ijayo, wengine chini yake huigawa siku kwa siku, na wengine tena huandika mazungumzo yenyewe. Mwigizaji hukariri kurasa nyingi usiku na kesho yake anarekodi. Kwa mbio hizo hakuna mwenye nafasi ya kurudi kutazama maelfu ya sehemu zilizopita. Kumbukumbu ya tamthilia imo vichwani mwa watu: mwandishi aliyedumu, mwongozaji wa siku nyingi, na mwigizaji mkongwe anayeweza kuinua mkono na kusema mhusika huyu hawezi kutamka maneno haya mbele ya yule, kwa lililotokea kati yao miaka ya nyuma. Wakubwa wa stesheni wakiwafagia watu hao kwa mpigo kwa sababu idadi ya watazamaji imeshuka, wanafagia na kumbukumbu.

Guiding Light ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Ilianza redioni Januari 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952, ikafungwa Septemba 2009. Miaka 72, vizazi vitatu au vinne vya nyumba moja. Januari 1993 walimuua Maureen Bauer. Mwanamke huyo hakuwa na vituko. Hakuiba mume wa mtu, hakutekwa, hakufufuka. Alikuwa mama wa nyumba ambaye jiko lake lilikuwa mahali pa kila mtu kukimbilia. Akagundua kwamba mumewe Ed alikuwa na Lillian, rafiki yake, akatoka na gari katika theluji, akafa. Ellen Parker, aliyemwigiza, hakuomba kuondoka. Uamuzi ulikuwa wa wakubwa. Mwaka huohuo akashinda tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo, na mashabiki wa zamani wa tamthilia ile hadi leo wanakutaja kuondoka kwake kama siku mambo yalipoanza kuharibika. Naona wana haki. Anayehesabu wahusika kwa mapenzi na ngumi zao angemwona Maureen hana kazi. Aliyekaa na hadithi muda mrefu angejua kwamba wenye vituko wote walihitaji jiko lile ili vituko vyao viwe na maana.

Miaka 15 baadaye, mwanzoni mwa 2008, fedha zikiwa zimepungua, tamthilia hiyohiyo ilibadilisha namna ya kupiga picha. Kamera kubwa za studio zikawekwa kando, wakachukua kamera ndogo za kushika mkononi, wakaenda kurekodi nje, katika mji wa Peapack, New Jersey. Nimetazama baadhi ya sehemu hizo kwenye intaneti. Waigizaji ni walewale. Kim Zimmer bado ni Reva, na bado anaweza kukutoa machozi kwa sentensi moja. Lakini picha inatikisika, upepo unaingia kwenye maneno, na mtu hahisi tena kwamba yuko nyumbani kwa wale watu. Mwaka uliofuata ilifungwa. Sisemi kamera ndizo zilizoiua, maana tamthilia za mchana zote zilikuwa zikipoteza watazamaji na matangazo. Ninachosema ni kwamba sura zote tulizozipenda zilikuwepo na hazikuweza kuiokoa.

Kuna pia madhara yanayotokea pande zote mbili zikibadilika kwa pamoja. Steve Burton, aliyekuwa Jason katika General Hospital tangu 1991, aliondoka 2012. Mwaka 2014 Billy Miller akapewa nafasi hiyo, na hadithi ikaeleza kwamba uso wa Jason ulifanyiwa upasuaji baada ya ajali. Watazamaji wakakubali taratibu. Sam, mpenzi wa Jason, akafunga naye ndoa, wakapata mtoto. Wakati huo mwandishi mkuu aliyemleta alikuwa ameshaondolewa. Kisha 2017 Burton akarudi, na wale waliokuwa wameshika kalamu wakatoa jibu kwamba Burton ndiye Jason wa kweli, na yule tuliyeishi naye miaka 3 ni pacha wake, Drew, aliyepandikiziwa kumbukumbu za ndugu yake. Billy Miller alifanya kazi nzuri mno, Mungu amrehemu, na hakustahili kuambiwa katikati ya safari kwamba mhusika wake hakuwa yeye. Na mtazamaji aliyejitahidi kuipokea sura mpya aliambiwa jitihada zake zilikuwa bure. Safari nyingine akiletewa mwigizaji mpya, kwa nini ajisumbue kumzoea?

Sipingi mabadiliko ya nyuma ya kamera. General Hospital hiyohiyo ilikuwa karibu kufungwa Gloria Monty alipoingia kama mtayarishaji 1978. Akaharakisha mwendo, akawapa vijana nafasi, na Novemba 1981 watu wapatao milioni 30 wakatazama harusi ya Luke na Laura. Lakini hata ushindi huo uliacha deni. Mwaka 1979 Luke alikuwa amembaka Laura, na hadithi ikaligeuza jambo hilo kuwa mapenzi. Ilichukua hadi 1998, kwa waandishi wengine, kulifukua, pale mtoto wao Lucky alipojua na wazazi wakalazimika kulitamka kwa jina lake. Wale waandishi wapya nawaheshimu sana. Walisoma ya nyuma kabla ya kuandika ya mbele.

Wanaotazama za Afrika Kusini watanikumbusha Generations, ambayo Agosti 2014 iliwafukuza waigizaji 16 kwa mgomo na kurudi Desemba kama Generations: The Legacy. Ile ni ya jioni na kisa chake ni cha malipo na haki za wafanyakazi, kwa hiyo naona inastahili swali lake peke yake. Itoshe kusema iliendelea kuonyeshwa miaka mingi baada ya hapo.

Upande wa kifo, hapo nakiri kuna watu wasiobadilishika. Kristoff St. John, Neil wa The Young and the Restless, alifariki Februari 2019. Hawakumtafuta mwingine. Aprili wakaonyesha msiba wa Neil, Shemar Moore akarudi kama Malcolm kumzika kaka yake, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Jeanne Cooper alikuwa Katherine Chancellor tangu 1973 hadi alipofariki Mei 2013. Mwaka 1984 alipofanyiwa upasuaji wa kuondoa makunyanzi usoni, upasuaji wa kweli, picha zake ziliingizwa kwenye hadithi. Ungempa nani mwingine uso huo? Walifanya sawasawa kumwacha Katherine aende naye, na walifanya vizuri zaidi kuliacha jina la Chancellor liendelee kugombaniwa pale Genoa City, mji wa tamthilia hiyo.

Swali gumu katika tamthilia hiyo bado liko mbele. Eric Braeden amekuwa Victor Newman tangu Februari 1980, na alizaliwa 1941. Mwaka 2023 alitangaza anaugua saratani, kisha akatupa habari njema kwamba imeondoka. Mungu amzidishie umri. Siku atakapoamua kupumzika, magazeti yote yatauliza nani ataweza kuvaa viatu vya Victor. Mimi nitasubiri majina mwishoni mwa kipindi, niangalie mwandishi mkuu ni nani na amekaa pale miaka mingapi, ndipo niamue kama naendelea kutazama.

Msomaji wenu,
Tanga